Karanga Ndani ya Mfuko wa Kulalia

Sifa, mwanangu,

Umekwenda Rooty Hill kusukwa, na Mama Gloria akishakukalisha kwenye kile kiti chake hakuachii mpaka jioni, kwa hiyo nina muda. Kesho asubuhi tutakuwa uwanja wa ndege, na pale sitaweza kusema kitu cha maana. Nitalia, nitakuuliza pasipoti iko wapi hata kama umeishika mkononi, nitagombana na mtu wa mizigo. Unanijua. Basi nayaandika sasa, hapa kwenye meza ya jikoni, huku maharage yanachemka.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kiingereza changu ni cha kazini. Kinajua kumwambia mzee anyanyue mguu nimvike soksi, kinajua kuomba likizo, lakini kukwambia wewe neno la moyoni hakiwezi. Ukifika pagumu, soma kwa sauti. Sikio lako linajua Kiswahili kuliko macho yako.

Habari za koti, dawa, namba za simu, nani atakupokea, hayo tumeshayasema mpaka umeanza kuvaa vile vitu vyako masikioni ukiniona nafungua mdomo. Sitayarudia. Nataka kukwambia habari ya wivu wangu, na habari ya karanga.

Nianze na karanga. Mchana huu nimefungua mfuko wako wa kulalia ili niukunje upya, maana ulivyoukunja wewe usingeingia kwenye sanduku hata tungelikalia watu watatu. Nikapeleka mkono mpaka chini kabisa, kule miguuni, nikagusa kifuko. Nikakitoa. Karanga! Zile nilizokukaangia Jumamosi ule ndani ya ndege. Umezitoa kwenye begi la mkononi, umezifunga vizuri, umezificha mahali utakapolala.

Nikwambie ukweli? Nilifurahi. Nilikaa kitandani kwako na kifuko mapajani, nikacheka peke yangu. Nikasema moyoni: haya dada yangu Honorine, mchukue mwanao, mpandishe kwenye milima yako, mlaze kwenye hema lako, lakini atalalia karanga zangu. Hilo ndilo lilikuwa wazo langu la kwanza. Dubu alikuja kuwa wazo la pili, na hapo kicheko kikaniisha.

Maana hamwendi hotelini. Baba Innocent, mume wa mama yako, ameshapanga yote: ukifika Canada unapumzika siku chache, halafu yeye, mama yako, wale wadogo zako wawili wa kiume na wewe mnakwenda kupiga kambi milimani. Safari ya kwanza ya familia nzima, ndivyo anavyoiita, na anaitamka kwa namna ambayo mtu huwezi kubisha. Na huko milimani kuna dubu, si wale wa kwenye katuni. Dubu akisikia harufu ya chakula anaifuata popote ilipo, na hema kwake si ukuta, ni kitambaa. Wewe mwenyewe ndiye uliyenisomea haya wiki iliyopita, umejilaza kwenye sofa na simu yako. Chakula hakiingii hemani, hata chembe ya biskuti, hata dawa ya meno, hata mafuta ya kujipaka. Vyote vinafungiwa kwenye kabati la chuma, mbali na mnapolala. Ulikuwa unasoma kwa Kiingereza na kunieleza kwa Kiswahili chako cha kurukaruka, ukafika hapo ukanyamaza. Ukanitazama. Na mimi nikakutazama. Halafu ukacheka, ukasema, "It's fine, Mama," ukaanza kuniuliza habari za maharage.

Haikuwa fine, haikuwa sawa hata kidogo. Sote wawili tulijua kwa nini umenyamaza, ila hatukusema, kwa sababu jambo hili hatujawahi kulisema hata siku moja. Leo nalisema. Wewe hulali bila chakula chini ya mto. Usiku wa kwanza hemani utakiingiza, najua utakiingiza, kwa kuwa nimeshazikuta karanga. Na usiku huo si wewe peke yako utakayelala humo.

Nakumbuka ilikoanzia, au nilidhani nakumbuka. Kule kambini Tanzania mgao ulikuja mara moja kwa mwezi, na wezi walikuja siku yoyote waliyopenda. Mfuko wa unga nilikuwa nauweka kichwani petu, tunaulalia wote wawili, na wewe nakupa kipande cha ugali uliobaki ukishike. Nilikuwa nakwambia, lala na chako. Ukazoea. Tukaja Sydney tukapata nyumba, friji, mlango wa funguo mbili, wewe ukaendelea vilevile. Mara mkate, mara biskuti. Siku moja paja la kuku, jamani! Sisimizi wa Lidcombe nzima walihamia kitandani kwako. Sikukugombeza. Nilibadilisha shuka, nikapangusa, nikaweka pakiti ya biskuti kavu ambazo haziwapendezi sisimizi. Uliporudi shule hukusema neno. Tangu siku hiyo ni mimi ninayeweka, na wewe hujawahi kuuliza nani anaweka. Sasa wewe ni mtu mzima wa miaka kumi na tisa, una leseni ya gari, unanisahihisha nikisema vibaya majina ya stesheni, na bado juzi nimeweka.

Hicho kilikuwa kitu chetu, mimi na wewe. Na hicho ndicho nilichomficha mama yako kwa makusudi.

Sasa nije kwenye wivu. Kanisani watu wananishika mikono, "Mungu ni mkubwa, Mama Alphonsine, mtoto kampata mama yake!" Nasema amina, tena kwa sauti kuliko wote. Na si uongo. Honorine ni dada yangu, tumetoka tumbo moja, nilimlilia miaka yote ile kama mtu aliyezikwa. Hadithi unaijua, lakini acha niiandike mara moja kwa mkono wangu. Alikuleta mlangoni kwangu Uvira ukiwa na miaka minne, mmetoka kujificha porini, akaniambia anarudi kijijini kumtafuta baba yako, atakuwa amerudi baada ya siku mbili. Vita vikafunga barabara. Nikamngojea mpaka jirani wa mwisho akaondoka, halafu nikakubeba tukavuka ziwa. Sikujua kama yuko hai. Yeye alimkuta baba yako ameshauawa, akakimbilia Uganda, akawa anatuulizia kwa kila mtu anayepita. Sisi tukaletwa huku, yeye akapelekwa Canada. Mpaka Jumapili ile yule mama wa kwaya aliponionyesha picha za harusi ya ndugu yake kwenye simu, nikamwona mtu nyuma ya bibi harusi anacheka kwa mdomo wa marehemu mama yetu. Nilipiga yowe mpaka mchungaji akakatisha maombi.

Furaha ile ilikuwa ya kweli. Ila hakuna aliyenionya kwamba wivu ungefika wiki hiyohiyo.

Unakumbuka siku ya buti? Ulikuwa unazungumza na rafiki yako kwenye simu, nikakusikia unamwambia mama yako amekununulia buti za mlimani. Nikajibu kutoka jikoni, "Buti gani? Mimi sijanunua buti!" Ukaziba simu kwa kiganja, ukaona haya, ukasema taratibu, "Mama wa Canada." Nikasema aa, sawa. Nilikuwa namenya ndizi za kupika, nikaendelea kumenya, mpaka nikajikuta naikwangua ndizi ambayo nilishaimenya. Mwezi uliofuata, mbele ya watu wa kanisa, ukaniita Mama Mdogo. Ni cheo changu halali, nimezaliwa nacho, siwezi kudai kingine. Lakini miaka yote hiyo ulikuwa huliongezi lile neno la pili, Sifa. Nilikuwa Mama basi.

Halafu zikaanza zile jioni zenu za maandalizi. Yeye kule kafunga hema sebuleni kwake ili wajizoeze, wewe huku umetandika mfuko wa kulalia kwenye zulia langu, simu umeiegemeza kwenye kikombe, mnaulizana nani atalala wapi, taa mnabeba ngapi, ile dawa ya kumpulizia dubu inashikwaje. Mnacheka kicheko kimoja. Sijui kama unajua hilo: mnavuta pumzi ndani kwanza, halafu mnacheka. Mimi niko jikoni nakata vitunguu, mlango nimeuacha wazi nusu. Nilikuja mara kukuuliza chai, nikaja tena kukuuliza chai, ukasema hapana, asante, bila kuinua macho. Nikarudi kukata vitunguu ambavyo hata sikuvihitaji.

Ndiyo maana nilikuwa na maneno makali kuhusu hema. "Hema! Mimi nimelala kwenye hema mpaka likaoza, leo watu wanalinunua? Wanaomba ruhusa kazini ili wakalale nje?" Ukanijibu kwamba ni tofauti. Najua ni tofauti, mwanangu. Hapo ndipo paliponiuma. Hema nililokulaza mimi lilikuwa la kukimbilia, linavuja, linanuka moshi, usiku tunasikia watu wakipigana nje. Atakalokulaza yeye ni jipya, mtakula soseji, wadogo zako watapigana mito. Mimi nimekula miaka yote migumu, yeye anakuja kwenye soseji. Nimeandika hivyo na sifuti, ingawa najua miaka yake yeye haikuwa rahisi.

Nikajaribu na kukutisha pia. Ulidhani nilikuwa nakuhangaikia tu, lakini kila video ya dubu niliyokutumia niliitafuta mwenyewe, nikiwa kwenye treni ya kwenda kazini, na nilichagua zile mbaya. Nilitaka uogope, useme, "Basi Mama, siendi." Na lile la dubu wa Australia, loo. Nilipowaambia wenzangu kazini kwamba mwanangu anakwenda kwenye nchi ya dubu, wakanitazama kwa huruma wakaniuliza kama sijui kwamba hata huku wapo, wanakaa juu ya mikaratusi na kumdondokea mtu anayepita chini. Walisema kwa uso mkavu kabisa! Nikaamini. Wiki nzima nilikwenda stesheni kwa kuzunguka mtaa mwingine ili nisipite chini ya ile mikaratusi ya bustanini. Nikakuletea nyumbani kwa ushindi: unaona, hata huku wapo, huna haja ya kuwafuata mbali. Ulicheka mpaka ukakaa chini sakafuni. Ndipo nilipojua kwamba kila mgeni nchi hii hufanyiwa utani huo. Nilikasirika, lakini afadhali ulicheka na mimi jioni ile na si na simu.

Kosa lenyewe ni hili. Wiki mbili zilizopita ulikuwa bafuni, simu yako ikalia, nikapokea mimi. Dada yangu akanisalimu, halafu akasema, "Mdogo wangu, niambie, mtoto wetu analalaje? Anasikia baridi? Anaota ndoto mbaya? Nataka nimjue kabla hajafika." Mama mzima anauliza habari za mtoto wake kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Na mimi, mwanangu, nilisikia raha. Nikamjibu, "Analala vizuri tu." Basi. Sikusema biskuti, sikusema mto. Nilijiambia: sura umechukua wewe, kicheko umechukua, jina la Mama umelichukua, na sasa unachukua mtoto mwenyewe, hiki kimoja niachie.

Sikuandikii haya ili unihurumie, sitaki, na ukinihurumia nitajua. Nayaandika kwa sababu wivu huu utaukuta huko unakokwenda. Utawaonea wivu wadogo zako. Wamelala na mama yao tangu wazaliwe. Utawasikia wanamdai maji, wanamdai juisi, wanamfokea bila hata kumtazama, na mkono utakuwasha. Utajiambia unamtetea mama yako. Mimi nilijiambia nakulinda. Ukianza kuusikia, mwambie mtu, mwambie hata mimi, tena mimi ndiye nitakuelewa vizuri zaidi. Usiufiche. Mimi niliuficha, na nusura nikupeleke kwa dubu na karanga mkononi.

Basi nilipokuwa pale kitandani kwako, kicheko kimeniisha, nikachukua simu nikampigia. Kule ilikuwa usiku tayari. Ilipolia mara moja tu akapokea, na hata hakunisalimu.

"Kuna nini? Haji tena?"

Sikutegemea swali hilo. Nikatambua kwamba wiki zote hizi, wakati mimi namwonea wivu, mwenzangu alikuwa akilala na hofu kwamba nitakuzuia. Na alikuwa na haki ya kuogopa.

"Anakuja," nikasema. "Sanduku liko hapa mbele yangu. Lakini kuna kitu sikukwambia."

Nikamweleza yote, mpaka karanga. Nikamsikia anafunga mlango. Nikadhani amekasirika, nikaanza kujitetea, unajua ninavyojitetea, nikapandisha sauti. Akanikatisha.

"Kwani bado?"

"Bado nini?"

"Bado analalia chakula? Ee Mungu wangu, Alphonsine. Nilidhani ameshasahau."

Ndipo akaniambia kitu ambacho hukijui, kwa sababu hata mimi nilikuwa sikijui. Mlipokuwa porini, kabla hajakuleta kwangu, alikuwa anachemsha muhogo mchana, anakufungia kipande kwenye jani, anakiweka chini ya shavu lako ukilala. Alikuwa anakwambia, "Ukisikia nakuinua usiku, usilie, kamata muhogo wako." Ili mkikimbia, na hata mkipoteana, uwe na kitu mkononi. Yeye ndiye aliyekuzoesha. Si mimi, si unga wangu, si kambi.

"Hukumbuki?" akaniuliza. "Nilipokukabidhi mtoto, alikuwa ameshika kitu."

Nikakumbuka. Sifa, nilikumbuka papo hapo. Ulikuja umefumba ngumi, huifungui, na ndani kuna kitu cheusi kinanata. Nilidhani ni uchafu. Nilikufungua vidole kimoja kimoja, nikakuosha mkono kwa sabuni, nikakitupa. Ulilia usiku ule mpaka kukacha, na miaka yote nimekuwa nikiwaambia watu ulikuwa unamlilia mama yako. Huenda ulikuwa unamlilia. Lakini kuna kitu kingine ulikuwa unakililia, na mimi ndiye niliyekitupa. Nisamehe kwa hilo. Sikujua.

Nikwambie nilichomjibu dada yangu? Mtu mwingine angelia. Mimi nilimfokea. "Yaani hata hiki nacho ni chako!" Ndivyo nilivyosema, mtu wa makamo, nyumba nzima inasikia. Akavuta pumzi, nikajua anataka kucheka, kisha kicheko kikageuka kilio, akasema, "Chukua, mdogo wangu. Chukua kiwe chako. Mimi nilikiweka siku chache tu, wewe ndiye umekiweka miaka yote."

Tukalia wote, kila mtu na simu yake. Nililia vibaya mpaka maharage yakaungua chini, ikabidi nibandike mengine; harufu utaisikia ukiingia.

Halafu akaniambia la mwisho kwa sauti ya chini, maana mumewe na watoto walikuwa wamelala. Akasema, "Na mimi bado." Tangu porini mpaka leo dada yangu hajalala usiku hata mmoja bila mkate kwenye foronya. Mumewe anajua. Ndiyo sababu ya lile hema sebuleni. Wewe ulidhani ni mchezo, nami nilidhani ni majivuno, kumbe Baba Innocent amelifunga ili mama yako ajizoeze kulala bila kitu, kabla hawajafika kwa dubu. Na hawezi. Kila usiku anaingia hemani mikono mitupu, anangoja wenzake wasinzie, anatoka kwa magoti, anakwenda jikoni kuchukua kipande. Asubuhi wavulana wanakuta chembe za mkate kwenye shuka na kumcheka. Alitaka kuivunja safari, akaona haya, maana ni safari ya kwanza nawe.

"Mtoto anakuja kumwona mama yake," akasema, "atakuta mwanamke mzima anajiibia mkate nyumbani kwake. Nitamkataza vipi kitu ambacho mimi mwenyewe siwezi kukiacha? Mwambie wewe. Wewe anakusikia."

Nilikuwa nimempigia nikidhani namkabidhi siri yangu, naye akanirudishia kazi ya kukwambia. Basi nakwambia, na hili si la kujadili. Karanga nimezitoa. Nimezirudisha kwenye begi la mkononi, uzile zote ndani ya ndege, hata ukimgawia utakayekaa naye. Mfuko wa kulalia nimeukung'uta nje, nimeukunja, uko safi. Usitie kitu ndani yake tena. Mkifika kambini, kila chenye harufu kiingie kwenye kabati la chuma mbele ya macho yako, ulifunge wewe mwenyewe kwa mkono wako, halafu mwite mama yako aje alijaribu na yeye, aone halifunguki. Msitumane, nendeni wote wawili.

Mkiingia hemani mwambie Baba Innocent na wavulana walale upande mmoja. Wewe na mama yako mlale upande wa pili, pamoja. Nimeshamwambia na yeye. Usione haya kumwambia unajua kuhusu mkate, kwa kuwa na yeye anajua kuhusu biskuti, nimewafichua wote wawili.

Halafu taa itazimwa, na mkono wako utaingia chini ya mto, wenyewe, bila kukuuliza. Hautakuta kitu. Utataka kutoka. Usitoke, mwanangu. Kule nje kuna mnyama, na humu ndani kuna mtu ambaye wakati huohuo anapapasa chini ya mto wake, na yeye hakuti kitu. Unyooshe mkono upande wake. Naona wivu hata kuliandika hili, kalamu inanigomea. Lakini unyooshe, umshike mkono mama yako, na umshikilie mpaka kukuche.

Mama yako,
Alphonsine